Kutoka Mokha hadi Rize: Waturuki, kahawa na chai

Waturuki wamejulikana duniani kwa kahawa yao, lakini wanachokunywa kutwa ni chai. Hakuna taifa linalowapita kwa wingi wa chai anayokunywa mtu mmoja kwa mwaka: zaidi ya kilo 3 za majani makavu kwa kila nafsi. Mgeni akiingia duka la mazulia, ofisi ya wakili, gereji au kituo cha mabasi, gilasi ndogo ya chai nyekundu humfikia kabla hajamaliza kueleza kilichomleta. Ni rahisi kudhani ndivyo walivyoishi tangu enzi za mababu. La hasha. Wapo wazee wa Kituruki walio hai leo waliozaliwa kabla ya kujengwa kiwanda cha kwanza cha chai nchini mwao. Kwa zaidi ya miaka 350 kabla ya hapo, kinywaji cha mgeni, cha posa na cha maongezi ya mtaani kilikuwa kahawa. Namna taifa zima lilivyohama kutoka finjani hadi gilasi ndiyo njia bora ninayoijua ya kuwafahamu Waturuki, maana ndani yake mna dola iliyopanuka kisha ikasambaratika, mna fatwa na vita, na mna jitihada za wakulima maskini wa milimani.

Kahawa haikuota Uturuki. Ilitoka nyanda za juu za Uhabeshi ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, na huko, katika karne ya 15, masufi waliinywa usiku ili usingizi usiwashinde katika dhikiri. Kutoka Yemen ikapanda Makka, ambako mwaka 1511 mkuu wa soko, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanazuoni na kuipiga marufuku. Marufuku hayakudumu. Ikafika Cairo, na mwaka 1517 Sultani Selim I wa Waturuki aliiteka Misri, Makka na Madina zikawa chini ya Istanbul, na miongo michache baadaye Yemen nayo ikawa jimbo la Dola ya Uthmaniya. Basi milima ilikopandwa kahawa, bandari ya Mokha ilikopakiwa na mji mkuu ulioinywa vyote vikawa chini ya bendera moja. Ni kutoka Mokha hiyohiyo nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, alipotweka tanga katika miaka ya 1580 kuja pwani yetu kuwachochea wenyeji dhidi ya Wareno, hadi alipokamatwa Mombasa mwaka 1589.

Mwanahistoria İbrahim Peçevi, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba mwaka 962 wa Hijria, yaani 1554 au 1555, watu wawili walifika Istanbul kutoka Sham: Hakem wa Halab na Şems wa Damascus. Kila mmoja alifungua duka kubwa la kahawa katika mtaa wa Tahtakale, karibu na gati zinakoshushwa bidhaa. Wateja wa kwanza hawakuwa wachukuzi wa gatini. Walikuwa wasomi na watu wa starehe, waliokaa ishirini au thelathini mahali pamoja, mmoja akisoma kitabu, wengine wakicheza tavla na sataranji, mwingine akiwasomea wenzake shairi alilolitunga karibuni. Makadhi na walimu waliokosa kazi walikuja hapo kusaka habari za nafasi. Haukupita muda hata maimamu na waadhini wakaonekana humo, na wahubiri wakaanza kulalamika kwamba misikiti inabaki mitupu, wakasema afadhali mtu aende kilabu cha mvinyo kuliko mkahawa.

Ili kuelewa hasira hiyo, mtu afikirie maisha ya mji yalivyokuwa kabla. Mwanamume mwenye heshima zake alikuwa na nyumba, msikiti na soko. Akitaka kuzungumza na wenzake usiku, ilimpasa awakaribishe kwake na kuwalisha, jambo linalotaka mali na watumishi. Kilabu cha mvinyo kilikuwa haramu kwa Mwislamu. Mkahawa ulileta kitu kipya: kwa sarafu moja ndogo, mtu yeyote aliweza kukaa saa nyingi pembeni ya watu asiowajua, tajiri na fukara kwenye benchi moja, na kusema. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipowauma wakubwa. Sheikhul-Islam, yaani mufti mkuu wa dola, Ebussuud Efendi, aliupinga mtindo huo, na hoja iliyorudiwa na wapinzani ni kwamba kitu kilichochomwa hadi kikawa mkaa si halali kuliwa. Lakini ubishi juu ya mkaa ulifunika ubishi mwingine, wa nani anaruhusiwa kukutana na nani, na wanazungumza nini.

Watu waliendelea kunywa, kwanza vichochoroni na nyuma ya maduka. Mwishoni mwa karne ya 16 Sheikhul-Islam mwingine, Bostanzade Mehmed Efendi, aliulizwa kuhusu kahawa na akaihalalisha, tena kwa fatwa aliyoitunga kwa beti za mashairi. Kufikia hapo hata mawaziri walikuwa wakijenga mikahawa na kuipangisha, na Peçevi anataja kodi ya dinari moja au mbili za dhahabu kwa siku. Kinywaji kilichoanza kwa kulaaniwa kikawa kitega uchumi cha wakubwa wenyewe.

Kisha ukaja mwaka 1633. Mnamo Septemba moto ulizuka kando ya maji mtaa wa Cibali na kuteketeza sehemu kubwa ya Istanbul, mji wa nyumba za mbao. Sultani Murad IV alikuwa kijana wa miaka 21. Aliutumia moto huo kufunga mikahawa yote na kupiga marufuku tumbaku kwa adhabu ya kifo. Moto ulikuwa kisingizio. Mwaka 1622 wanajeshi wa Yanisari walimwondoa madarakani ndugu yake, Osman II, naye akauawa; mwaka 1632 waasi wa jeshi walimuua waziri mkuu wa Murad, Hafız Ahmed Paşa, mbele ya macho ya sultani mwenyewe. Murad alijua uasi hupikwa wapi, na ndiyo maana aliogopa chumba kuliko kinywaji. Kâtip Çelebi, mwanachuoni aliyefuatana na majeshi ya zama hizo, ameacha habari inayotuonyesha mipaka ya ukatili: katika safari za vita, askari walikuwa wakiuawa kwa kuvuta tumbaku, na wenzao waliosimama kutazama walikuwa na viko vifupi ndani ya mikono ya kanzu, wakitafuta nafasi ya kuvuta palepale. Murad alifariki mwaka 1640, na mikahawa ikafunguliwa taratibu.

Karne mbili zilizofuata mkahawa ulikuwa gazeti, ukumbi wa michezo na kinyozi kwa pamoja. Msimuliaji wa hadithi, anayeitwa meddah, alikaa kwenye kiti cha juu akiwa na fimbo na kitambaa begani, na kwa vitu hivyo viwili akawaigiza Waarmenia, Waarabu, Waalbania na mabibi wa kitajiri. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, lilitundikwa pazia jeupe na taa nyuma yake, wakatoka Karagöz na mwenzake Hacivat, vivuli vya ngozi ya ngamia iliyopakwa rangi, mmoja mtu wa kawaida asiye na simile, mwingine msomi wa maneno makubwa. Watu walicheka, na ndani ya kicheko mlikuwa na kejeli kali kwa wakubwa. Yanisari nao walikuwa na mikahawa yao yenye alama za vikosi mlangoni. Sultani Mahmud II alipowaangamiza mwaka 1826, mikahawa yao ilifungwa pamoja nao. Miaka ya 1840 serikali ilijaribu njia nyingine: ikawatuma wapelelezi wakae mikahawani na kuandika kila walichosikia, bei ya mkate, uvumi wa vita, malalamiko ya kodi. Ripoti hizo zimehifadhiwa hadi leo, na kwa mtu anayependa historia ya watu wadogo ni hazina, kwani humo wachuuzi na mabaharia wanasikika wakizungumza siku ya kawaida.

Wanawake hawakuwamo. Hilo lisemwe wazi, maana sifa za mkahawa wa Kituruki mara nyingi huandikwa kana kwamba mji ulikuwa na wanaume tu. Wao kahawa yao ilikuwa nyumbani na kwenye hamamu, na utamaduni wa finjani tunaouona leo umetunzwa zaidi na wao. Buni husagwa hadi iwe laini kama poda. Mpishi humuuliza kwanza mgeni anataka sukari kiasi gani, kwa sababu sukari huingia pamoja na maji baridi na kahawa ndani ya kibirika kidogo cha shaba chenye mpini mrefu, na haiongezwi tena. Moto uwe mdogo. Povu likipanda, huondolewa kwa kijiko na kugawiwa kwenye finjani zote, kisha kibirika hurudishwa motoni kidogo ndipo kahawa imiminwe. Finjani isiyo na povu ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni huletewa na gilasi ya maji. Akimaliza, mashapo yamebaki chini. Finjani hufunikwa juu ya kisahani, huachwa ipoe, na shoga mwenye kipaji husoma michirizi: njia, ndege, barua, mtu mrefu anayekuja.

Na posa haijakamilika bila kahawa. Wazee wa kijana huja nyumbani kwa binti, huzungumza habari za hewa na afya, huku binti akiwa jikoni. Kahawa ikishaletwa ndipo mzee hutaja amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume na kumwomba binti. Finjani ya bwana harusi mtarajiwa imetiwa chumvi badala ya sukari. Anywe yote, uso usibadilike.

Kuporomoka kwa kahawa kulianza mbali, bila kelele. Katika karne ya 18 Wafaransa walilima kahawa katika visiwa vya Karibi kwa mikono ya watumwa na kuileta hadi masoko ya Waturuki kwa bei iliyoishinda ya Mokha. Pigo kubwa lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Yemen ilikuwa imewameza vijana wengi mno wa Anatolia kwa miongo ya maasi, na nyimbo za maombolezo ya askari wasiorudi kutoka huko zinaimbwa mpaka sasa. Oktoba 1918 dola iliweka silaha chini, na Yemen ikaenda. Jamhuri iliyotangazwa mwaka 1923 ilirithi watu wenye mazoea ya kahawa na nchi isiyoweza kuotesha hata mti mmoja wake wa kibiashara. Kila gunia lilipaswa kununuliwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwapo.

Wengi wanajua mambo makubwa ya miaka hiyo: Mustafa Kemal, fezi iliyopigwa marufuku mwaka 1925, herufi za Kilatini mwaka 1928, majina ya ukoo mwaka 1934. Mimi huvutiwa zaidi na sheria moja ndogo, namba 407 ya Februari 1924, iliyohusu kilimo cha machungwa, ndimu, karanga za hazeli na chai katika mkoa wa Rize na wilaya ya Borçka. Rize iko pembe ya mashariki ya Bahari Nyeusi, ambako milima inatumbukia baharini na mvua hunyesha kuliko mahali popote pa Uturuki. Mashamba yalikuwa vipande vidogo vya mahindi. Wanaume waliishi kwa kuvuka kwenda Batum na bandari nyingine za Urusi, wakafanya kazi katika tanuri za mikate na vibarua vya kila namna. Mapinduzi ya Urusi yalipofunga mpaka, riziki hiyo ikakatika.

Mtaalamu wa mimea Ali Rıza Erten alikuwa amezuru Batum mwaka 1917, akaona mashamba ya chai ya Warusi, na akaandika kwamba Rize ina udongo na hewa ileile. Aliyebeba kazi yenyewe ni ofisa wa kilimo Zihni Derin, mzaliwa wa Muğla, upande wa pili kabisa wa nchi. Alipeleka mbegu na miche kutoka Batum, akaanzisha kitalu, akagawa miche kwa wakulima. Wakulima hawakumwamini, na sababu walikuwa nayo. Mchai huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa, hakuna aliyejua kusindika majani, hakukuwa na mnunuzi, na shamba lililopandwa chai halimlishi mtoto mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jambo lote lilikuwa karibu kufa. Mwaka 1937 serikali iliagiza tani 20 za mbegu kutoka Batum, na mwaka 1938 yakachumwa majani mabichi kilo 135, yakatoa kilo 30 za chai kavu. Sheria ya mwaka 1940 ikaongeza kile kilichokosekana: mkopo kwa mkulima na ahadi ya kununua mazao yake. Mwaka 1947 kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Rize. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Uturuki ilikuwa ikijitosheleza kwa chai. Zihni Derin alifariki mwaka 1965, akiwa ameyaona hayo kwa macho yake, bahati ambayo watu wa namna yake huikosa mara nyingi.

Vyombo navyo vilikusanyika kutoka huku na huku. Samawari ilitoka kwa Warusi. Sukari ilianza kutengenezwa nchini mwaka 1926, kutokana na viazisukari, katika viwanda vya Alpullu na Uşak. Kiwanda cha vioo cha Paşabahçe, kando ya Bosporus, kilianzishwa mwaka 1935, na gilasi nyembamba kiunoni ikafika hadi kijijini. Birika hupandana mbili. La chini huchemsha maji; la juu lina majani na maji kidogo, nalo hukaa juu ya mvuke kwa robo saa au zaidi hadi yaive. Anayemimina hutia rangi kutoka birika la juu, kisha hujaza maji ya la chini, kila mtu kwa ukali anaoutaka. Erzurum hawakorogi sukari: bonge gumu hushikwa kwa meno na chai hupita juu yake. Ukitazama, utaona kwa nini chai ilishinda. Kahawa hupikwa kwa finjani chache, kwa uangalifu, na ni ghali. Birika mbili zikiwa motoni zinahudumia watu kumi asubuhi nzima. Uhaba wa fedha za kigeni miaka ya Vita Kuu ya Pili, miaka ya 1950 na tena miaka ya 1970 ulipoifanya kahawa itoweke madukani, watu wakisaga dengu zilizochomwa mahali pake, chai ilikuwapo. Mkahawa ukabaki na jina lake, na ndani yake wanaume wakanywa chai.

Ndipo akatokea mtu ambaye kwangu ndiye moyo wa soko la Kituruki: muuza chai wa jengo, çaycı. Ana chumba kidogo chini ya ngazi, na kutoka hapo huwahudumia washonaji, wafua dhahabu na makarani wa ghorofa zote. Sinia yake inaning'inia kwa minyororo mitatu, hivyo hata akikimbia ngazini chai haimwagiki. Wateja hununua kwake vidude vya plastiki vya rangi, wakalipa kimoja kwa gilasi, mahesabu yakaisha bila kutafuta chenji. Huyu anajua nani amefilisika na nani ameoza binti, na biashara haifungwi kabla hajapita. Kina mama nao wana siku yao: kila mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja, chai, keki za chumvi na saladi ya ngano iitwayo kisir mezani, na kila mmoja humletea mwenye zamu sarafu ya dhahabu, sawasawa na mchezo wetu wa upatu.

Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Mawingu yalimwaga mvua juu ya miteremko ya Rize wakati majani ya kwanza ya msimu yalipokuwa yakichipua. Chai ikapatikana na mionzi. Waziri wa viwanda na biashara, Cahit Aral, alikunywa chai mbele ya kamera kuonyesha kwamba haina madhara. Baadaye maelfu ya tani yaliteketezwa au kuzikwa. Watu wa pwani ile hawajasahau. Mwanamuziki wao mpendwa, Kazım Koyuncu wa Hopa, alipofariki kwa saratani mwaka 2005 akiwa na miaka 33, wengi walilitaja jina la Chernobyl kwenye mazishi, na mpaka leo familia nyingi zenye mgonjwa wa saratani hulitaja. Serikali iliyowaahidi babu zao kununua kila jani ilipaswa kuwaeleza ukweli mapema. Waliustahili.

UNESCO iliiingiza kahawa ya Kituruki katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013, na chai mwaka 2022, pamoja na Azerbaijan. Huko Rize, hata hivyo, swali si heshima bali nani atachuma. Kuanzia Mei hadi Oktoba michai huchumwa mara tatu, kwa mkasi wenye mfuko, kwenye miteremko ambayo mizigo hushushwa kwa kamba za chuma. Mashamba yamegawanywa kwa urithi hadi yamekuwa vipande, na wenyewe wengi wanaishi Istanbul. Mpaka wa Sarp ulifunguliwa mwaka 1988, na tangu hapo Wageorgia wamekuwa wakivuka kila msimu kuja kuchuma; mwaka 2020 korona ilipoufunga, mikono ya kuchuma ilipungua. Zaidi ya karne moja iliyopita ni wanaume wa Rize waliovuka mpaka kwenda Batum kutafuta kibarua.